Mgonjwa Anadaiwa Nini na Jirani Yake?



Kila mwisho wa Agosti tunafanya jambo moja ambalo nyote mnalifahamu. Vijana wanaokwenda vyuoni wanaitwa mbele, wazee wanawawekea mikono, akina mama wanalia kidogo, halafu mchana magari yanapakiwa: blanketi, sufuria, unga wa ugali, pilipili ya kusaga, na kopo la Panadol iliyotoka nyumbani, kwa kuwa bado hatuziamini sana dawa za huku. Mmoja anakwenda College Park, mwingine Howard, mwingine Fairfax, na wengine wanabaki nasi na kupanda basi kila asubuhi kwenda Montgomery College. Tunawaombea wafaulu, wasipotee, wasilisahau kanisa. Na tunawaambia wasiugue, kana kwamba kuugua ni utundu.

Lakini hatujawahi kuwaambia wafanye nini wakiugua. Hasa hatujawaambia wanadaiwa nini na yule anayelala ng'ambo ya ukuta, ambaye huenda hata jina lake hawalijui. Ndilo swali tunaloomba mlifikirie pamoja nasi wiki hii, maana baridi imeanza na vikohozi vimeshasikika hata kwenye viti vya nyuma.

Wale kati yetu waliosoma shule za bweni nyumbani hawahitaji kuelezwa bweni ni nini kwa ugonjwa. Tunakumbuka macho mekundu yalivyoanza kwa kijana mmoja Jumatatu na kufika Ijumaa yakiwa yameshazunguka vitanda vyote. Mabweni ya huku yana zulia na kiyoyozi, lakini kanuni ni ileile: watu wengi wa rika moja, usingizi mchache, bafu la pamoja, kijiko kimoja cha kuonja chakula cha mwenzako. Mafua makali huanza kuambukiza siku moja kabla mgonjwa hajajisikia vibaya. Virusi vya norovirusi, vile vya kutapika na kuharisha, havijali sana vile vitakasa mikono vya chupa tunavyoning'iniza kwenye mabegi ya watoto. Vinataka sabuni na maji, na mgonjwa akae mbali na kupika chakula cha wengine mpaka zipite siku mbili tangu apone. Haya ni mambo ya kujua tu. Gumu ni lile linalokuja baada ya kujua.

Mwaka 2018 jambo lilitokea karibu sana nasi. Wengi wetu hupita barabara ya Route 1 kila wiki, tukakiona Chuo Kikuu cha Maryland upande mmoja na maduka upande wa pili. Septemba ile ukungu ulijaa katika vyumba vya bweni, na mamia ya wanafunzi wakahamishwa kwa muda ili pasafishwe. Kisha Novemba likaja jambo jingine: adenovirusi. Kwa kawaida virusi hivi huleta mafua, koo na homa, vikaisha. Lakini ile aina ya 7 inaweza kuwa kali. Tarehe 18 Novemba alifariki mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza, binti aliyekuwa akitumia dawa za ugonjwa wa utumbo ambazo hupunguza kinga ya mwili. Kabla wimbi halijaisha, waliothibitika kuambukizwa walikuwa zaidi ya 40. Ukungu na virusi ni vitu viwili tofauti, wala kimoja hakikizai kingine, ingawa watu waliviunganisha katika mazungumzo kwa sababu vilikuja msimu mmoja.

Lililowaumiza wengi ni tarehe. Chuo kilipata habari ya mgonjwa wa kwanza aliyethibitishwa tarehe 1 Novemba. Wanafunzi wote walitangaziwa tarehe 19, siku moja baada ya kifo. Kukawa na wanaouliza: kwa nini hatukuambiwa mapema? Na kukawa na wanaojibu kwamba mgonjwa mmoja wa mafua si habari ya kutangaza, kwamba taratibu za wataalamu wa afya zilifuatwa, kwamba kutangaza kila homa ni kuwatia watu hofu. Hatutaki kukaa kwenye kiti cha hakimu. Tunasema tu kwamba hoja zote mbili tunazijua vizuri, kwa sababu hata sisi huzitumia sebuleni kwetu. Mtoto ana joto Jumamosi usiku; Jumapili asubuhi tunasema ni uchovu tu, tukimwambia kila mtu tutaonekana tunakuza mambo.

Na jambo moja zaidi ambalo hatukulijua mpaka wakati ule. Chanjo ya adenovirusi aina ya 4 na ya 7 ipo. Hupewa wanajeshi wa Marekani, kwa kuwa kambi za kuwafunza makurutu ziliteswa na ugonjwa huu kwa miaka mingi. Raia hawapewi. Bweni la askari na bweni la mwanafunzi yanafanana sana, ila moja limepewa kinga. Hatusemi ni dhuluma. Ugonjwa huu kwa raia kwa kawaida si mkubwa kiasi hicho. Lakini maana yake ni kwamba yule binti, kinga yake yote ilikuwa mikononi mwa watu waliomzunguka: kama watanawa, kama watakohoa kwenye kiwiko, kama atakayejisikia vibaya atabaki chumbani.

Hapo ndipo swali linapouma. Aliyeugua bwenini hakujua kwamba jirani yake anatumia dawa za kupunguza kinga. Angejuaje? Mambo hayo ni siri ya mtu. Kwa hiyo huwezi kusema, nitajihadhari nikimwona mtu dhaifu, maana mtu dhaifu hatembei na bango. Ana miaka 18, anacheka, anavaa jezi. Wajibu wako kwake unaanza kabla hujamjua, na huenda ukaisha bila wewe kumjua kamwe.

Tumezoea kupima dhambi kwa nia. Kama sikukusudia, sina hatia. Sheria ya Musa yenyewe ilitofautisha kosa la kukusudia na kosa la kutojua, ingawa hata la kutojua lilihitaji sadaka, jambo ambalo tulipokuwa watoto lilitushangaza. Kwa upande wa magonjwa tunadhani kuna watu wa namna tatu. Yupo asiyejua kabisa kwamba anaumwa. Huyo hatuwezi kumlaumu, labda tumlilie tu pamoja naye akija kujua. Yupo anayejua, akaingia kwenye chumba cha mtihani na homa ya nyuzi 39 akimeza Tylenol ili ishuke. Huyo anajua anachofanya. Lakini wengi wetu ni wa katikati: tunaoshuku. Koo linawasha, mwili una baridi, na tunasema labda ni vumbi la miti. Kipimo kipo, kinauzwa duka la dawa, hatukinunui. Na sababu ya kutokukinunua, tukiwa wakweli, ni kwamba jibu litatugharimu. Kutojua kwa namna hii tumekuchagua wenyewe. Mtu hawezi kufumba macho kwa makusudi kisha ajitetee kwamba hakuona.

Tulipofika hapa katika mazungumzo yetu, dada mmoja anayefanya kazi ya kuhudumia wazee alituambia tusimame. Akasema: mnaongea kama watu wenye mishahara ya mwezi.

Ana haki. Vijana wetu wengi wa chuo si wanafunzi tu. Jumatatu hadi Ijumaa wako darasani, Jumamosi na Jumapili usiku wako kwenye nyumba za wazee, wakigeuza wagonjwa vitandani, wakiwalisha, wakiwaogesha. Akikosa zamu mbili, kodi haisubiri, na nyumbani kuna mdogo wake anayengoja ada. Na njia ya virusi ni fupi mno: bwenini Alhamisi, kwenye mkono wa mzee wa miaka 90 Jumamosi. Miaka ya 2020 na 2021 tuliona hili kwa macho yetu. Vyuo vyote vya hapa vilifunga milango Machi 2020 na kuwarudisha vijana nyumbani, na kijana huyohuyo aliyerudishwa ili awe salama alikuwa akilala chumba kimoja na mama yake anayetoka zamu ya usiku.

Basi yapo mambo ya sheria ambayo inafaa yajulikane, maana tumegundua wengi hawayajui. Maryland ina sheria ya likizo ya ugonjwa tangu Februari 2018. Mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi anatakiwa kumlipa mfanyakazi siku za ugonjwa, akijikusanyia saa moja kwa kila saa 30 alizofanya kazi, hadi saa 40 kwa mwaka. Mwajiri mdogo zaidi anatakiwa kutoa likizo hiyo ingawa bila malipo. Lakini anayefanya kazi chini ya saa 12 kwa wiki hahesabiwi, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapoangukia. Jiji la Washington lina sheria yake, ya tangu 2008. Virginia ni habari nyingine, ulizeni kabla ya kudhani.

Kwa hiyo swali letu lina pande mbili. Tukimwambia kijana ni wajibu wake kubaki chumbani, tunamwomba alipe gharama ili watu asiowajua wawe salama. Anayeomba gharama namna hiyo anadaiwa pia. Kanisa haliwezi kuhubiri kujitenga Jumapili kisha Jumatatu limwache mtu na bili yake. Mfuko wa msiba tunao, na hautuchoshi kuchanga. Ndege ya kupeleka mwili Mwanza au Kisumu tunaipata kwa siku nne. Zamu mbili za kijana aliyeshikwa na mafua ni fedha kidogo sana kando ya hizo, lakini hatujawahi kuzichangia. Inaelekea kifo hutuunganisha upesi kuliko homa.

Lipo na jambo la aibu, nalo tunaliona zaidi kwenye kifua kikuu. Vyuo vingi vya huku humtaka mwanafunzi aliyezaliwa nchi zetu ajaze fomu na apimwe TB. Kijana anapimwa kwa sindano ya ngozini, mkono unavimba, na nyumba nzima inaingia kiza. Mama anasema usimwambie mtu. Ukweli ni kwamba wengi wetu tulichanjwa BCG utotoni, lile kovu la begani, na chanjo hiyo inaweza kufanya kipimo cha ngozi kionyeshe ndiyo hata pasipo vimelea. Kipimo cha damu hakidanganywi na BCG, muombeni hicho. Na hata kikionyesha ndiyo, mara nyingi ni TB iliyolala: mtu si mgonjwa, haambukizi, anaweza kuimba kwaya na kula meza moja na sisi, na dawa za miezi mitatu au minne humkinga asije akaugua baadaye. Lakini kwa sababu ya kunong'ona kwetu, wako wanaotupa barua ya kliniki kwenye takataka. Tunao msemo wa mficha maradhi na kifo kinachokuja kumuumbua, na huwa tunausema kwa kumnyooshea kidole mfichaji. Hatuulizi nani aliyemfundisha kuficha.

Mwaka uleule wa 2018, wakati ndugu zetu wa Maryland wakisoma habari za adenovirusi, ndugu zetu wa Kongo katika usharika huu walikuwa wakipokea simu kutoka Beni na Butembo. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini Agosti ile, na haikutangazwa kwisha mpaka Juni 2020, ikiwa imeua watu zaidi ya 2,200. Magonjwa haya mawili hayalingani hata kidogo, wala hatutaki kuyalinganisha. Lakini kuna kitu kimoja tulichosimuliwa ambacho hakijatutoka. Watu wengi walikataa kuwapeleka wagonjwa wao kwenye vituo vya matibabu, kwa sababu kule mgonjwa alifichwa nyuma ya uzio, akirudi ni jeneza. Kwetu kumtazama mgonjwa ndiyo imani yenyewe; Mathayo 25 tunaijua kwa moyo. Kumwacha peke yake ni kumkana. Ndipo huko Beni vikaanza kutumika vyumba vya kuta za plastiki angavu, ambamo mgonjwa anaonekana mwili mzima, na mama yake anaweza kukaa nje hatua moja tu, akazungumza naye, akamwona akila. Hofu ya watu ilikuwa na sababu, na dawa yake ilikuwa kumpa mama mahali pa kukaa.

Tunalitaja hili kwa kuwa vijana wetu bwenini wana hofu ileile kwa kiasi chao. Mwanafunzi anayejifungia chumbani siku tano hatembelewi na mtu. Mwenzake wa chumba amehamia kwa rafiki. Chakula ni biskuti. Akilia usiku, hasikiki. Halafu tunashangaa kwamba siku ya pili amejikokota kwenda darasani na kikohozi chake. Upweke humtoa mtu chumbani upesi kuliko njaa.

Baadhi yetu tumelelewa Kilutheri, wengine AIC, wengine Kipentekoste, lakini sote tunaweza kujifunza kwa jambo hili la zamani. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg, mji wa chuo. Mtawala akaamuru chuo kihamie Jena, na waalimu na wanafunzi wakaenda. Luther akabaki na wagonjwa, mkewe Katharina akiwa mjamzito, nyumba yao ikageuka kuwa kama hospitali. Katika kipindi hicho aliandika barua ndefu kumjibu mchungaji wa Breslau aliyeuliza kama ni halali Mkristo kukimbia tauni. Watu humtaja kwa ujasiri wake wa kubaki. Sisi tumevutiwa na sehemu nyingine. Hakuwalaumu waliokimbia, mradi hawakuacha mtu anayewategemea. Na aliwakemea vikali watu wa aina mbili: wanaodharau dawa na tahadhari wakidhani huo ndio utauwa, na wanaoficha ugonjwa wao huku wakichangamana na watu. Yeye mwenyewe alisema ataepuka mahali asipohitajika, asije akamwambukiza mtu kwa uzembe wake. Kubaki na mgonjwa, na kukaa mbali pasipo haja, kwake lilikuwa pendo lilelile. Tunadhani hapo aliona sawa. Wako ndugu wanaosema mwenye imani hahitaji barakoa. Tunawaheshimu, lakini imani yako haimkingi mtu aliyekaa kiti cha mbele yako.

Kuhusu chanjo tutasema kidogo tu, kwa kuwa mwaka huu tumeshabishana vya kutosha. Maryland inataka mwanafunzi anayelala chuoni awe amechanjwa homa ya uti wa mgongo, au atie sahihi kwamba ameelezwa hatari na amekataa. Wazazi wengi husaini bila kusoma. Someni. Na mjue kwamba chanjo ya kawaida haizuii aina ya B, ambayo ina chanjo yake peke yake. Mwaka 2013 aina hiyo ya B iliingia Chuo Kikuu cha Princeton, na Desemba wanafunzi wakaanza kuchanjwa kwa maelfu. Machi 2014 mwanafunzi wa chuo kingine, Drexel kule Philadelphia, alifariki. Alikuwa amekutana na wanafunzi wa Princeton, na vimelea vilikuwa vilevile. Waliochanjwa walisalimika, lakini mtu aliyechanjwa bado anaweza kubeba vimelea kooni asivihisi. Usalama wangu na usalama wako si kitu kimoja. Ndiyo maana hatutamwambia kijana kwamba akishachanjwa amemaliza deni lake.

Wazazi nao wana kilio chao, na ni cha haki. Mtoto akishafika miaka 18, kliniki ya chuo haitampigia mama yake simu. Sisi tunaolipa ada tunaona ni kama kunyang'anywa mtoto. Lakini tafakarini: kama angejua kila neno lake litafika nyumbani, na kutoka nyumbani lifike kwenye kikundi cha WhatsApp cha akina mama, angekwenda kliniki? Siri hiyo inayotuudhi ndiyo inayomfanya afungue mlango wa daktari. Dawa ni kuzungumza naye kabla, mezani, bila vitisho: ukiugua utanipigia mimi, au utampigia nani? Asipokutaja wewe, usikasirike. Furahi kwamba ametaja mtu.

Kwa msimu huu tumekubaliana mambo machache. Atakayekuwa na homa na abaki nyumbani mpaka ipite siku nzima bila homa na bila dawa ya kuishusha, na asiulizwe Jumapili inayofuata alikuwa wapi kwa sauti ya kumtania. Mwanakwaya anayekohoa hatahesabiwa mtoro. Kijana aliyekosa zamu kwa ugonjwa na amwone mmoja wa wazee, faraghani. Fedha si nyingi lakini zipo. Na akina mama wa Hyattsville na wa Laurel wamejigawia vyuo, kwa chakula.

Hilo la chakula lilianza kwa mama mmoja, hatutamtaja, majira ya baridi yaliyopita. Mwanawe alishikwa na mafua makali bwenini. Kwa simu alimwambia mama asije, asiambukizwe, kwani Jumatatu ana zamu kwa wazee. Mama alikwenda. Aliacha chupa ya uji wa ulezi na sukuma wiki kwenye meza ya mapokezi, akatoka, akasimama kwenye maegesho ya magari akiwa na koti mbili. Akampigia, akamwambia afungue pazia. Ghorofa ya tatu. Wakakaa hivyo, yeye chini na mtoto dirishani, simu masikioni, wakizungumza mambo ya nyumbani na nani ameoa nani, mpaka uji ukaisha na mama akaona chupa ikigeuzwa juu chini kwenye kioo.